Mama Saiba Anajibu: "Naposti Mastodon, hakuna anayeitika"

Mwezi huu barua za vioo vilivyopasuka na laini zilizofungwa nimeziweka kando. Nimepata kadhaa za namna moja, kutoka kwa watu waliohamia mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, ile isiyo mali ya kampuni moja, wakakuta kimya. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mtajiona humo. Nyingine nimezipitia kwa kadiri zilivyostahili.

*Shikamoo Mama Saiba. Mimi ni mwalimu wa Jiografia hapa Tanga. X ilipozuiwa kwetu Mei 2025 sikutaka mambo ya VPN, nikafungua akaunti ya Mastodon kwenye seva ndogo aliyonielekeza rafiki yangu aliyesoma Ujerumani. Naweka picha za ndege na maua ya msitu wa Amani, naandika habari za mvua, yote kwa Kiswahili. Sipati hata jibu moja. Nikitafuta #Kiswahili naziona posti zangu mwenyewe tu. Ukurasa wa jumla umejaa Wajerumani wanaozungumza Linux, treni zilizochelewa na paka. Mtandao huu umekufa, au ni mimi nisiyejua kuutumia? — Mwalimu, Tanga*

Marahaba mwanangu. Mtandao haujakufa, ila wewe umepewa chumba kisicho na dirisha.

Mastodon si mtandao mmoja. Ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu, kila moja na msimamizi wake na masharti yake, zinazopelekeana posti kwa itifaki iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Mwenye akaunti Berlin anaweza kumfuata wa Tanga, sawa na mwenye Gmail anavyomwandikia mwenye Yahoo. Hapo kila mtu huelewa. Kisichoelezwa wageni ni hiki: seva haiijui dunia nzima. Inawajua watu ambao wenyeji wake wanawafuata. Mtu wa Kisumu akiandika kwa Kiswahili asubuhi hii, na kwenye seva yako hakuna hata mmoja anayemfuata, posti yake kwa kawaida haifiki kwenu kabisa. Hakuna aliyeificha. Haikuitwa tu. Na ukianza kumfuata leo, utapata atakayoandika kuanzia leo. Ya mwaka jana mengi yatabaki kwao mpaka uyaendee mwenyewe kwenye ukurasa wake.

Seva yako ni ndogo, wenyeji wake ni marafiki wa rafiki yako, na marafiki hao wanafuata Wajerumani wenzao. Kwa hiyo unaowaona kwenye ukurasa wa jumla ni wale wanaofuatwa na watu hao, wala si picha ya Mastodon nzima. Nenda kwa kivinjari kwenye mastodon.social, seva kubwa kuliko zote za Mastodon, utafute #Kiswahili, #Tanzania na #Kenya huko. Utakaowaona, nakili anwani zao kamili, zile zenye @ mbili, uzibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha seva yako, uwafuate mmoja mmoja. Ndivyo seva yako itakavyoanza kuletewa Kiswahili, na si wewe peke yako utakayefaidi: kila mgeni wa Kiafrika Mashariki atakayeingia hapo baada yako atakikuta.

Hata hivyo nisikudanganye. Ukishafanya hayo yote bado watakuwa wachache. Elon Musk aliponunua Twitter, ndiyo X ya leo, Oktoba 2022, watu walimiminika Mastodon hata Eugen Rochko, Mjerumani aliyeianzisha 2016, akatangaza watumiaji milioni 2.5 kwa mwezi. Wimbi likarudi baharini. Baadaye hesabu ya wanaoingia kila mwezi ikashuka chini ya milioni 1. Chukua hiyo ya dunia nzima, toa Wajerumani, toa Wajapani walioingia kwa kishindo tangu 2017, toa Wafaransa, toa Wamarekani. UNESCO inasema wasemaji wa Kiswahili tumepita milioni 200, lakini humo ndani waliobaki baada ya kutoa hao wote si wengi.

Kwa nini wetu hawakwenda? Watu wa kompyuta husema Mastodon ni ngumu, na ni kweli kwamba kwa miaka mingi swali la kwanza lilikuwa "chagua seva", na mtu asiyejua seva ni nini akafunga simu. Mwaka 2023 walirekebisha, programu ya simu ikawa inakupeleka mastodon.social moja kwa moja. Mimi naona sababu kubwa iko kwenye bando. Mwaka 2014 Facebook ilileta Internet.org Zambia, kisha Tanzania na Kenya mwaka huohuo, na kwa watu wengi Facebook ikawa ndiyo intaneti. Mpaka leo kampuni za simu zinauza bando la WhatsApp na Instagram kwa bei ya chini. Programu isiyo kwenye orodha hiyo inakula MB za kawaida. Mtu mwenye MB 100 za siku nzima atazipeleka wapi, mahali alipo dada yake au mahali penye paka wa Hamburg?

Nilikuwa na saiba, duka la intaneti, Mwembe Tayari, Mombasa, enzi za shilingi moja kwa dakika. Vijana walikuja wawili wawili kwenye kiti kimoja, na sikumbuki hata mmoja aliyefungua Facebook kwa sababu alisikia ni nzuri. Binamu yake alikuwa ndani.

Sasa kazi yako, mwalimu. Mastodon haina algoridhimu ya kukubeba, yaani kanuni ya kompyuta inayoamua nani aonyeshwe nini. Ile nyota, laiki yao, inampa mwandishi furaha na basi, haimsogezi popote. Kinachosogeza posti ni kuisambaza tena, kile kitufe cha mishale. Ukiona Mswahili mwenzako ameandika kitu cha maana, usimpe nyota ukaondoka. Msambaze. Wageni wengi wanakaa miezi wakigawa nyota kisha wanalalamika mtandao hausogei.

Alama ya reli (#) ni lazima, maana kutafuta kwa neno la kawaida kunaleta tu posti za umma za waliokubali kutafutwa, na kwenye seva nyingine ndogo hakufanyi kazi kabisa. Andika #MvuaZaVuli, kila neno lianze kwa herufi kubwa, ili programu inayowasomea wasioona iweze kulitamka. Tangu toleo la 4.0 la Novemba 2022 unaweza kuifuata alama yenyewe kama unavyomfuata mtu. Fuata za nchi yako na za somo lako. Kwenye kila posti chagua lugha, Kiswahili kimo kwenye orodha. Usipochagua, posti itaandikiwa lugha ya simu yako, yaani labda Kiingereza, na mtu aliyeomba kuonyeshwa Kiswahili tu hatakuona.

Halafu eleza picha zako. Kuna kisehemu cha maelezo kwa ajili ya wasioona, na watu wa kule ni wakali kuhusu jambo hili: wengi hawasambazi picha isiyo na maelezo hata ikiwa nzuri namna gani. Mwanzoni niliona ni madoido. Siku hizi naona ni moja ya tabia nzuri walizonazo kuliko sisi. Yaandike kwa Kiswahili, sentensi mbili zinatosha.

Na kuhusu hao Wajerumani unaowalalamikia: wewe una kitu chao. Kituo cha utafiti cha Amani walikifungua wao 1902. Na lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya Usambara, alilipeleka kwao ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire. Mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi Saintpaulia, na leo liko kwenye vyungu madirishani mwa bibi zao, wakiliita Usambaraveilchen. Wengi hawajawahi kuliona likiwa porini. Wewe unapita karibu nalo. Piga picha mwambani, eleza kwa Kiswahili ni mahali gani na mvua ilinyesha lini, weka #Usambaraveilchen pamoja na #Kiswahili. Mastodon ina kitufe cha kutafsiri kwenye seva zilizokiwasha, kwa hiyo wacha wao wahangaike kukusoma wewe kwa mara moja. Mtandao mdogo hauna soko la kila kitu, lakini mtu mwenye jambo moja analolijua kwa undani huko anasikilizwa kuliko kule kwenye kelele, na majibu utakayopata yatakuwa ya watu waliosoma mpaka mwisho.

Ukitaka kuhama seva, hama sasa ukiwa na wafuasi wachache. Mastodon inakuruhusu kuhamisha wafuasi, ila posti za zamani zinabaki ulikotoka. Na usihame peke yako. Tafuta walimu watatu wanne wa Jiografia, mfungue pamoja siku moja.

*Assalamu alaykum dada. Nipo Maskati, nauza udi, mafuta na vitenge, wateja wangu ni Waswahili wa hapa na wa Zanzibar. Mpwa wangu ananishikilia niache Instagram niende Pixelfed kwa sababu haina matangazo wala haimfuatilii mtu. Niende? — Muuza udi, Maskati*

Waalaykumu salaam. Usiende.

Mpwa wako anasema kweli kuhusu matangazo na ufuatiliaji. Pixelfed ni ya picha, inatumia ActivityPub ileile, na tangu Januari 2025 ina programu zake rasmi za simu. Lakini mteja anayetafuta udi wa harusi ya Ijumaa hayuko huko, na mtandao usio na algoridhimu hauwezi kumleta kwako. Mfungulie akaunti mpwa aweke picha akipenda, haina gharama. Kilicho muhimu zaidi ni orodha ya namba za simu za wateja wako: iandike kwenye daftari, nje ya WhatsApp na nje ya Instagram. Akaunti ya biashara inaweza kufungwa usiku mmoja bila maelezo, kwenye mtandao wowote.

*Dada Mama Saiba, mimi ni nesi, nimetoka Malindi, naishi Minneapolis. Novemba 2022 niliingia Mastodon pamoja na wenzangu wengi weusi. Siku moja nikaandika jinsi polisi alivyonisimamisha nikitoka zamu ya usiku. Mtu nisiyemjua akaniambia niifunike posti kwa onyo la maudhui kwa sababu "inawachosha wengine". Mwingine akasema huu ni mtandao wa utulivu, mambo ya rangi nirudishe Twitter. Nikatoka. Juzi nimesikia watu wanashangaa kwa nini Mastodon haina watu wa aina mbalimbali. Wanashangaa nini? — Nesi, Minneapolis*

Pole, mdogo wangu. Hukuota. Watu weusi wengi walioingia miezi ileile walisimulia jambo hilohilo hadharani.

Onyo la maudhui liliwekwa ili mtu afunike matukio ya damu, au mwisho wa filamu, msomaji achague mwenyewe kufungua. Ni chombo kizuri. Kilichotokea ni kwamba wenyeji walikifanya kuwa adabu ya nyumba, na adabu hiyo ilitungwa kabla ninyi hamjafika. Habari za jibini la nyumbani hazihitaji kufunikwa. Habari za mwili wako barabarani zinahitaji. Nani aliamua? Wale waliokuwa na muda wa kukaa usiku wakiendesha seva bila malipo, wanaojua kazi ya kompyuta, wenye kadi ya benki ya kulipia mashine kwa dola au yuro. Mtandao usio na tajiri mmoja bado una wenye nyumba, na wenye nyumba wengi walifanana.

Watetezi watakwambia Mastodon inalinda watu, na kuna ukweli. Gab, mtandao wa Kimarekani uliojaa wabaguzi, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon Julai 2019, haikuwezekana kuwazuia wasiitumie, kwa kuwa ni programu huria. Lakini seva nyingi mno zilikata mawasiliano nao, wakabaki wakizungumza wenyewe kwa wenyewe. Nguvu hiyo ya kukata ipo kweli. Shida ni kwamba anayekutukana kwa sauti ya chini, kwa lugha ya heshima, hakatwi na mtu.

Usirudi kwa sababu ya kuwaongezea sura kwenye picha yao. Ukitaka kurudi kwa hamu yako, anza kwa kusoma ukurasa wa "kuhusu" wa seva kabla ya kujiandikisha: kwenye /about utaona sheria zake na, kwa nyingi, seva ilizozizuia. Seva isiyozuia yeyote ikimbie. Na kuna upande mwingine wa kutazama. Kwenye Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii unaofanana na Twitter, Mmarekani mweusi aitwaye Rudy Fraser alianza 2023 na mkondo mmoja wa posti za watu weusi, akauita Blacksky. Umekua ukawa na wasimamizi wake wa kushughulikia ubaguzi na mitambo yake yenyewe ya kuhifadhi akaunti. Hawakuomba nafasi kwenye adabu ya mtu. Nakwambia hayo nikijua kwamba jamii ile ni ya Wamarekani weusi zaidi, na Mkenya wa Malindi anaweza kujikuta mgeni humo pia kwa namna nyingine. Lakini mgeni hapo haambiwi polisi ni mada inayochosha.

*Mambo Mama! Sisi ni wanafunzi wa chuo Nakuru, tunataka kufungua seva ya Kiswahili ya kwetu. Tuna shauku na kadi moja ya benki. Tuanzie wapi? — Comrades, Nakuru*

Poa wanangu. Anzeni kwa kujiuliza nani ataamka saa nane usiku mtu akiweka picha chafu. Kama jibu ni "tutaona", msifungue.

Mashine ndogo ya kukodi inaanzia dola chache kwa mwezi. Kinachokua ni picha: seva yenu itahifadhi nakala za picha za watu wote mnaowafuata duniani, na kwa Mastodon diski hujaa upesi msipoweka muda wa kuzifuta. Kama ninyi ni watu ishirini, angalieni GoToSocial, programu nyepesi inayozungumza na Mastodon vizuri lakini haihitaji mashine kubwa.

Anwani chagueni kwa makini, kwa sababu mkishaanza hambadilishi bila kupoteza kila kitu. Seva ya queer.af ilitumia anwani ya Afghanistan (.af) kwa kuwa herufi zilipendeza. Februari 2024 serikali ya Taliban ikaifunga anwani, seva ikapotea na majina ya wote. Hata fedha si kinga: Mozilla, wenye Firefox, walifunga seva yao ya Mastodon Desemba 2024. Nakala za akiba zifanyeni kila siku, na ziwe mahali pengine. Barua pepe za wenzenu mtakazoshika ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Kenya ya 2019 ya ulinzi wa data, kwa hiyo mtu mmoja awe na dhamana yake kwa jina.

Na msiifungue iwe "ya Waswahili wote". Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, vijana Wakenya walijaa Zello, programu ya kuzungumza kama redio ya upepo ambayo wengi hawakuwa wameisikia. Hakuna aliyewafundisha faida za Zello. Kulikuwa na jambo, na wenzao walikuwa ndani. Ninyi jambo lenu ni lipi? Ratiba za mitihani, ligi ya chuo, mashairi, bei ya vyumba? Chagueni moja, na muwe na wasimamizi wawili kabla ya kulipia mashine.

*Jambo Mama. Bluesky ao Mastodon? Na nikichagua moja, nitakosa wa ile ingine? — Lubumbashi*

Jambo sana. Bluesky ina watu zaidi. Ilipita milioni 30 Januari 2025. Brazil ilipoizuia X tarehe 30 Agosti 2024, Wabrazili waliingia huko kwa mamilioni kwa siku chache, nchi nzima pamoja, wakaigeuza Kireno kwa mwezi. X ilipofunguliwa Oktoba 8 wengi wakarudi. Ila ujue kwamba ugatuzi wa Bluesky kwa sasa uko zaidi kwenye mpango kuliko kwenye matumizi: akaunti nyingi mno bado zimehifadhiwa kwenye mashine za kampuni yenyewe. Kwa Kiswahili, kote kuwili ni kuchache.

Si lazima ukose. Kuna daraja liitwalo Bridgy Fed. Ukiwa Mastodon, fuata akaunti @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy, ukiwa Bluesky, fuata @ap.brid.gy. Posti zako za baada ya hapo zitaonekana upande wa pili, na majibu yatarudi kwako, mradi anayejibu naye amejiunga na daraja. Akaunti mpya kabisa isiyo na picha inaweza kukataliwa, kwa hiyo weka picha na maelezo yako kwanza.